Dakika Sita za Nassibu

Kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, Nassibu, fundi wa mizinga ya nyuki, huweka nyundo chini, hunawa mikono kwenye ndoo iliyo nyuma ya karakana, na kutungua glovu mbili za kipa kutoka msumarini. Huzikung'uta vumbi la mbao, kisha hutazama benchi la barazani kuona nani mwenye zamu. Mkewe, Asmahani, ndiye mwenye orodha. Mwenye zamu huwa amekaa hapo tangu adhuhuri, na mara nyingi ametoka mbali, kwa hiyo hupewa chai.

Karakana iko Kitete, kando ya barabara ambayo zamani ilikuwa njia ya misafara. Wapagazi waliipita na mizigo mabegani, wengine wakielekea ziwani na wengine pwani, na wakifika Tabora walitua, wakanyoosha migongo na kungoja mvua zipungue. Siku hizi zinapita bodaboda na malori ya tumbaku. Mji huu umezoea watu wanaoomba kusimama kidogo kabla ya kuendelea, na labda ndiyo maana hakuna aliyeshangaa jambo la Nassibu lilipoanza.

Lilianzia uwanjani, miaka kumi na sita iliyopita. Nassibu alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kipa wa tatu wa Nyota ya Unyanyembe, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu na ambayo, tuseme ukweli, haikukaa huko. Kipa wa tatu kazi yake ni kubeba mfuko wa mipira na kuwapasha wenzake misuli. Alichokuwa nacho ni mkono wa kushoto. Alilelewa na babu yake kule Usoke, akilinda mpunga kwa kuwarushia ndege madongo, na mkono ule ulijua kufikisha kitu pale kilipotakiwa. Akirusha mpira kutoka golini unavuka mstari wa kati. Kocha alikuwa akisema mkono ni mzuri, basi tu haujapata siku yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, dhidi ya timu ngumu kutoka pwani. Mchezo ulianza saa kumi kamili. Dakika ya themanini na nne, Nyota wakiongoza kwa bao moja, kipa wa kwanza alianguka vibaya akaumia bega. Kipa wa pili, Abdulatifu, jina lake lilikuwa kwenye orodha aliyokabidhiwa kamisaa wa mchezo tangu asubuhi, ila yeye mwenyewe hakuwepo benchini. Alikuwa nyumba ya wageni karibu na stesheni anakula chipsi kuku, kwa kuwa wenzake walimwambia leo hatumiki. Katibu wa timu akatazama kushoto, akatazama kulia, akamvika Nassibu jezi ya Abdulatifu.

"Ingia," akamwambia. "Jina tutarekebisha kesho."

Jina la Nassibu halikuwemo kwenye orodha, na kubadili jina saa ile kungeipokonya timu pointi. Nassibu hakuuliza mengi. Mtu aliyengoja siku yake kwa miaka mitatu haulizi jezi ni ya nani.

Akacheza dakika sita. Mwamuzi hakuongeza hata sekunde. Katika dakika hizo alipangua mpira mmoja wa juu, akarusha mmoja uliovuka mstari wa kati na kumkuta winga peke yake, winga akaupaisha, kisha akadaka mkwaju mmoja ambao waliokuwepo wanausimulia mpaka leo. Ule mkwaju asingeudaka. Alikuwa amekwisha kujiandaa kuruka juu, na ndipo sauti ya mwanamke ikapazwa nyuma ya goli: "Nassibu, chini!" Akajitupa chini na mpira ukamjia kifuani. Uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia Abdulatifu, maana kipaza sauti ndivyo kilivyotangaza. Sauti ile peke yake ndiyo iliyomwita kwa jina lake. Alipogeuka hakumwona mtu anayemjua, na ingawa aliwauliza majirani, wauza karanga na kila mwanamke apendaye mpira pale Kitete, hakuna aliyesema ni yeye.

Mama yake, Bi. Zamda, hakuwa uwanjani. Alikuwa nyumbani, amekaa na redio mapajani, na alimsikia mtangazaji akipiga kelele kwamba Abdulatifu amedaka, Abdulatifu ni ukuta. Jioni mwanawe aliporudi na magoti yamechubuka na kumweleza, Bi. Zamda aliinuka akaizima redio. Tangu siku hiyo, jina la Abdulatifu likitajwa tu redioni, aliizima. Alikuwa na ombi moja kwa Mungu, naye hakulificha: kabla hajamchukua, amsikilizishe jina la mwanawe likisomwa pale linapostahili kusomwa.

Kesho ya katibu haikufika. Timu ilishuka daraja, katibu akahamia mkoa mwingine, na Nassibu hakuitwa tena na timu yoyote. Karatasi zilisema dakika sita zile ni za Abdulatifu, hakufungwa bao. Kwa karatasi hizo Abdulatifu alichukuliwa na timu kubwa, akacheza miaka tisa, na leo anafundisha makipa Dar es Salaam. Si mtu mbaya. Kila Idi humtumia Nassibu ujumbe: "Asante sana kaka, Mungu akuzidishie."

Wiki moja baada ya mchezo ule, jirani yake Idrisa, fundi viatu, aliingia karakana kupiga soga. Akaziona glovu msumarini, akazivaa kwa utani. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tisa. Nassibu alikuwa ameinua nyundo kupiga msumari. Nyundo ilipoteremka, Idrisa alikuwa amekaa sakafuni na uso umelowa machozi.

"Baba amefariki," akasema. Baba yake alikuwa mgonjwa nyumba ya pili. "Nimemuwahi. Tumeongea, ameniachia radhi, nimemfumba macho. Nassibu, hizi glovu zako zina dakika."

"Ngapi?"

"Sita."

"Ndizo zangu hizo," Nassibu akasema, akaweka nyundo chini, wakaenda msibani.

Bi. Zamda ndiye aliyelieleza jambo lile, na hakuna aliyewahi kulieleza vizuri zaidi. Dakika zile, kwa mujibu wa karatasi, alizitumia mtu aliyekuwa anakula chipsi. Aliyekuwa anakula chipsi hakuzitumia. Aliyezitumia hakuandikwa. Kwa hiyo bado zipo, na zitakuwepo kila siku kwa saa ileile mpaka karatasi iseme vingine. Mwenye kuvaa glovu anazipata, na dunia iliyobaki inamsubiri. Anayemwendea naye anazipata, na ndani yake hakuna anayeshindwa kuongea. Nassibu mwenyewe alizivaa mara moja kujaribu. Dakika sita zikampita kama zinavyompita kila mtu, kwani yeye alishazicheza.

Watu wakaanza kuja. Bi. Zamda akaweka benchi, akaweka orodha, akaweka na sheria: mtu mmoja kwa siku, zamu moja kwa mtu, na hakuna kulipa. Wengi walikuwa na wagonjwa hospitalini, mwendo wa dakika moja tu kutoka hapo, nao walikwenda kusema yale ambayo watu huyaahirisha. Mkulima mmoja wa tumbaku aliziomba akakae na mkewe waliyenuniana tangu masika. Bibi harusi mmoja alizitaka akae tu mahali ambapo hakuna anayemsemesha. Wote walirudi kushukuru, wengine na asali, wengine na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye kapu, na Nassibu alikuwa na mlango uliojaa shukrani ambazo hakujua aziweke wapi. Kila akisali aliwataja makipa wa tatu wa dunia nzima, wale waliozeeka bila kupata hata moja, akamshukuru Mungu kwa sita zake.

Bi. Zamda hakuwahi kuzivaa. Asmahani alipomwambia ajiandike, alijibu, "Watu wametoka Sikonge kwa baiskeli, mimi nimeamkia hapahapa, niwatangulie?"

Mwaka huu Bi. Zamda aliacha kutembea. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari wakamwambia Nassibu kwa upole ampeleke mama nyumbani akale anachopenda. Alipenda uji wa karanga. Kila jioni walimtoa barazani kwenye kiti chake cha kamba, akaisimamia orodha kwa macho, na Asmahani akaisimamia kwa mkono. Nassibu alipiga misumari akijua kwamba ombi la mama yake linakwenda kuisha pamoja naye. Hilo ndilo lililomuumiza.

Alhamisi moja, yapata saa kumi na moja na dakika kumi, bodaboda ilimshusha bwana mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi na mkoba wa ngozi. Alijitambulisha: anaitwa Tobias, anatoka kwenye ofisi inayosahihisha kumbukumbu za ligi. Akamwamkia Bi. Zamda shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda.

"Tumeupata mkanda wa video wa mchezo wenu na ile timu ya pwani," akamwambia Nassibu. "Kipa anarusha kwa kushoto. Abdulatifu ni wa kulia. Tumempigia simu, amesema kweli, yule ni wewe. Amefurahi sana."

Akatoa karatasi na kalamu. Nassibu akitia saini, dakika sita zitaandikwa zake. Majina yote yaliyosahihishwa yatasomwa redioni Jumamosi, saa mbili usiku, kwenye kipindi cha michezo.

Bi. Zamda aliposikia neno redioni, alishika mikono ya kiti.

"Lazima nikwambie na hili, fundi," Tobias akaendelea, akitazama glovu msumarini. "Shinyanga kuna beki alikuwa na dakika arobaini namna hii. Watu walikuwa wanampelekea mpaka wajawazito. Alipotia saini, kesho yake hazikuwepo. Zikishaandikwa zimechezwa na aliyezicheza, mchezo umekwisha. Sisi ofisini hatuna pa kuziweka."

Nassibu akasema anaelewa. Alichukua kalamu akaijaribu kwenye kipande cha mbao, ikaandika. Aliwaza juu ya Jumamosi, mama yake amekaa na redio mapajani. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile, na hakuona haya kukitaka.

Benchini siku ile alikuwepo mtu mmoja, Advera, mama wa makamo kutoka vijiji vya Sikonge, mikono imesinyaa kwa kazi. Mume wake, Emilian, alikuwa wodini kwa mwezi wa pili sasa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua ulimi. Emilian alikuwa na mizinga thelathini ameitundika porini, na kama walina asali wote wa huko, hakumwonyesha mtu miti yake, hata mkewe. Sasa msimu wa kulina ulikuwa umefika, na asali ya mwaka mzima ilikuwa juu ya miti ambayo ni Emilian peke yake aijuaye. Advera alikuja apate dakika sita za kumuuliza. Alikuwa amejinunulia daftari na penseli.

Asmahani alisoma orodha, akasita, kisha akasema kwa sauti, "Zamu ya Advera. Ila leo naomba mbele ya watu wote, mama yetu hajawahi kuvaa hata siku moja."

"Asmahani!" Bi. Zamda akafoka, kwa pumzi aliyokuwa nayo.

Advera alimtazama yule mama kwenye kiti cha kamba, akatazama miguu yake. Akalifunga daftari.

"Mama avae, jamani," akasema. "Mimi nitalala kwa dada yangu. Nitarudi kesho." Halafu, kwa sababu alikuwa mtu makini, akamgeukia Nassibu. "Kesho si zipo, kaka?"

Nassibu alikuwa na kalamu mkononi. Tobias alitazama pembeni, malori yalikokuwa yakipita. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika thelathini na saba.

"Zipo," Nassibu akasema.

Akamrudishia Tobias kalamu yake. Akatungua glovu. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nisamehe. Jumamosi hutanisikia."

"Nimekuzaa mimi, nikakupa jina mimi," Bi. Zamda akasema. "Nivalishe, watu wasikae bure."

Akamvalisha. Zilimkaa vizuri, kwani siku hizo mikono yake nayo ilikuwa imevimba. Kila aliyewahi kuzivaa alikuwa na pa kukimbilia, ama wodini, ama nyumbani, ama stesheni. Bi. Zamda hakuwa na pa kwenda wala mtu wa kumwendea, maana wote aliowataka walikuwa barazani. Alikaa tu kwenye kiti chake.

Saa ilionyesha dakika thelathini na tisa. Lori lililokuwa linapita likaendelea kupita. Na Bi. Zamda alikuwa palepale kwenye kiti, isipokuwa khanga yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini, na nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa, ile ya kuchorea mistari ya uwanja. Asmahani alikwenda kuleta kitambaa na maji.

"Zimenirudisha zilikochezwa. Watu ni wengi," Bi. Zamda akasema. "Na jua limewapiga machoni upande wenu, hilo hukuniambia."

Nassibu aligusa lile vumbi jekundu kwenye khanga.

"Yule wa kipaza sauti bado anamwita mwenzako. Nikasema potelea mbali. Miguu haikuniuma, nikaenda kusimama nyuma ya goli, kwenye mstari. Ule wa juu uliupangua vizuri. Ule wa kurusha, yule winga ni mjinga tu. Halafu akaja yule mrefu wa pwani. Nikaona ameulaza mguu, nikajua huyu anapiga chini, na wewe umeshaanza kuruka huko juu na akili zako." Alivuta pumzi. "Ikabidi nikuambie."

Nassibu aliweka kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake, juu ya glovu, mbele ya Tobias na Advera na waliokuwa wanapita, akalia bila kujificha.

"Nilisikia, mama," akasema.

"Najua ulisikia. Si ulidaka?"

Tobias alikunywa chai yake akaimaliza. Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba mhusika amekataa, kwa hiyo akaandika "Mhusika hakupatikana", akapiga muhuri, akaagana na kila mtu kwa mkono. Alipofika kwenye bodaboda alirudi kuuliza kama orodha ina nafasi mwezi ujao. Ana kaka yake Kahama hawajaongea muda mrefu. Asmahani akamwandika tarehe kumi na tisa.

Kesho yake Advera alivaa glovu akaenda wodini. Emilian aliongea vizuri kabisa, ila dakika ya kwanza yote aliimaliza kuulizia mbuzi, na nusu ya dakika ya pili kumwambia mkewe kwamba amependeza. Muda ulipokwisha daftari lilikuwa na miti ishirini na sita. Miti minne Emilian alibaki nayo. Advera alirudi karakana akicheka na kufuta machozi, akasema ishirini na sita inamtosha, na kwamba hiyo minne wataitafuta pamoja akipona. Msimu ulipokwisha alileta dumu la asali la lita tano, ambalo mpaka sasa lipo chini ya meza ya Nassibu.

Jumamosi saa mbili usiku Bi. Zamda aliitaka redio. Asmahani alitazamana na mumewe, kisha akamletea. Majina yalisomwa taratibu. Yule beki wa Shinyanga alisomwa na dakika zake arobaini. Nassibu hakusomwa. Msomaji alifika kwenye mchezo wa Nyota ya Unyanyembe, akasema kumbukumbu zinabaki kama zilivyo: Abdulatifu aliingia dakika ya themanini na nne, hakufungwa bao. Nassibu alinyoosha mkono aizime, kama mama yake alivyoizima miaka yote, lakini Bi. Zamda akamzuia.

"Mwache asome," akasema. "Anadaka vizuri huyo."

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba uji wake.